Posho ndani ya sahani ya wageni



Tarehe 22 ya mwezi wa tano kila mwaka, kisiwa cha Martinique kinapumzika kazi. Siku ile ya mwaka 1848, watumwa wa mji wa Saint-Pierre na wa mashamba ya jirani walisimama pamoja kudai uhuru wao, na kesho yake guvernere akalazimika kutangaza kwamba utumwa umekwisha. Amri ya kuufuta ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi kule Paris tarehe 27 ya mwezi wa nne, lakini karatasi ilikuwa ingali njiani, juu ya bahari. Watu hawakungojea bato.

Leo mabato yanayofika Fort-de-France, mji mkubwa wa kisiwa kile, ni ya namna ingine. Ni kama nyumba za gorofa nyingi zinazotembea juu ya maji. Moja tu inaweza kubeba watu zaidi ya 3,000, wote wakiwa katika likizo. Asubuhi wanashuka, mangaribi wanapanda tena, na usiku wanakwenda kisiwa kingine. Katika zile saa chache wanauziwa matembezi: basi moja, mwongozi mmoja, soko, kiwanda cha pombe ya miwa, na vyakula vya kuonja. Watoto wetu wanaona picha za mambo hayo katika simu zao na wanasema: ile ndiyo maisha!

Tutaulizwa: sisi watu wa shaba na kobalti, tuko na habari gani na watalii wanaoonja pombe ngambo ya bahari? Jibu liko ndani ya sahani yenyewe. Tuifunue.

Tuanze na soko. Soko kubwa la Fort-de-France ni lile lenye paa la chuma, lililojengwa mwaka 1901. Wamama wanauza pale mdalasini, vanila, pilipili, unga wa manjano unaoitwa colombo, na chupa za pombe iliyolowekwa matunda. Mwongozi anasimamisha kundi lake na kila mgeni anapewa donge dogo la moto, limetoka sasa hivi katika mafuta. Linaitwa accra. Nje limekauka, ndani ni laini, pilipili inasikika nyuma ya ulimi. Wageni wanafurahi, wanauliza ni kitu gani. Mwongozi anajibu: ni morue.

Morue, ndugu, ni makayabu. Ni ile ile samaki ya chumvi ambayo mama analoweka usiku muzima ndani ya maji ili chumvi itoke, na kesho anaipika na tomati na vitunguu, na watoto wanagombania kipande cha mwisho.

Sasa muulize ulizo ambalo wageni wengi hawaulizi. Kisiwa kile kimezungukwa na bahari yenye samaki. Sababu gani chakula chake cha sifa kinapikwa na samaki aliyevuliwa mbali sana, katika bahari ya baridi?

Sababu ni posho.

Mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa, Louis XIV, alitoa sheria juu ya watumwa wa visiwa vyake. Inaitwa Code Noir. Kifungu cha 22 kinapima chakula. Kila juma, kwa kila mtumwa mwenye miaka 10 na zaidi: vipimo viwili na nusu vya unga wa muhogo, pamoja na livre 2 za nyama ya ng'ombe ya chumvi ao livre 3 za samaki. Ndivyo ilivyoandikwa. Na kwa kuwa bwana wa shamba alitafuta chakula cha bei ya chini, wachuuzi wa Amerika ya kaskazini walimletea makayabu mabaya, yale yaliyovunjika, yale ambayo watu wa Ulaya hawakutaka kununua. Wao walirudi na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikiisha kutolewa, na pombe. Samaki mbaya kwenda, utamu kurudi. Hiyo ndiyo biashara iliyoleta makayabu katika donge lile la moto.

Wazee wetu wakisoma kifungu hiki watacheka kidogo, kisha watanyamaza. Hesabu hiyo wanaijua. Wanajua kiasi cha unga, kiasi cha samaki, mafuta, chumvi, na jina la mtu kuitwa mbele ya mlango wa magazini. Posho iliingia mpaka ndani ya lugha: katika lingala, hata leo, juma linaitwa mposo. Hatusemi kwamba mfanyakazi wa shaba alikuwa sawa na mtumwa wa miwa. Mtumwa aliuzwa, hakuwa na mushahara, na mtoto wake alizaliwa akiwa mali ya bwana. Lakini ule mkono unaompimia mtu chakula ili apate nguvu ya kurudi kazini kesho, ule tunaufahamu vizuri.

Na tunafahamu tena jambo lingine. Wale wamama wa Martinique walikamata samaki ya posho, samaki ya kutupwa, wakaichambua mifupa, wakaichanganya na unga, vitunguu na pilipili, wakaifanya kuwa chakula cha sikukuu. Ile ni akili, na ni kazi. Mgeni anayeambiwa tu «ni tamu» amenyimwa nusu ya chakula chake.

Tutoke sokoni, tufuate basi mpaka kiwandani. Muwa ukikatwa hauwezi kungoja, ukilala unachacha. Kwa hiyo katika miezi ya mavuno, tangu karibu na mwezi wa pili mpaka wa sita, kiwanda kinakimbia. Mashine inasaga miwa, maji yake matamu yanaachwa yachachuke siku moja, mbili ao tatu, kisha yanachemshwa ndani ya mnara mrefu, mvuke unapanda na kuwa pombe. Makapi ya miwa hayatupwi: yanawaka chini ya mashine na kuleta moto. Na ndani ya ile minara kuko shaba. Shaba inakamata harufu mbaya ya pombe na kuisafisha. Watu wanaosifu harufu ya ile glasi, mara mingi hawajui kama wanaisifu na shaba.

Karibu po pote duniani, pombe hiyo inayoitwa rhum inatengenezwa na molasi. Ya Martinique, kwa sehemu kubwa, inatengenezwa na maji ya miwa yenyewe, na tangu mwaka 1996 sheria ya Ufaransa inalinda jina lake. Pombe haiwezi kubeba alama ile ya rhum ya Martinique kama miwa yake haikuota katika udongo wa kisiwa, kwa kanuni zilizopangwa. Maana yake, jina la udongo limekuwa mali. Tunaomba msomaji afikiri kidogo hapa. Waya wa umeme kule ngambo hauandikwi jina la Kolwezi, wala betri ya gari haiandikwi jina la Likasi. Wao chupa yao inaondoka na jina la nyumbani, na jina lile linaongeza bei. Ni jambo la kuwapongeza.

Wageni wanapewa glasi. Desturi ya kule ni kuweka chupa ya pombe nyeupe, ndimu na sukari juu ya meza, na kila mtu anajichanganyia mwenyewe. Pombe ile mara mingi ina digri 50. Hapana kitu cha kuchezea. Lakini kuko neno ambalo tungependa lisemwe mbele ya kila meza ile. Katika sheria ile ile ya 1685, kifungu cha 23 kinakataza bwana kumpa mtumwa pombe ya miwa mahali pa chakula chake. Munasikia? Mahali pa chakula. Sheria haipotezi wino kukataza jambo ambalo hakuna mtu analifanya. Kuko mabwana waliokuwa wakitoa pombe ili wasitoe unga. Na wamama wa makambi hawahitaji mwalimu wa historia kwa kufahamu hilo. Wanajua vile lutuku inavyoweza kukalia kiti cha bukari siku ya mushahara. Pombe inayoleta furaha kwa yule aliyeshiba ni ile ile inayoweza kumfunga mwenye njaa.

Baada ya glasi inakuja nyama ya kuku iliyopikwa na ule unga wa manjano, colombo. Chakula hiki kilifika na watu wa kontra. Utumwa ulipokwisha, wenye mashamba walitafuta mikono ingine ya bei ndogo. Tangu mwaka 1853 walileta Wahindi, na Wahindi wakaja na viungo vyao. Lakini hapana Wahindi peke yao. Kati ya mwaka 1857 na 1862, Waafrika zaidi ya 10,000 walipelekwa Martinique kutoka pwani yetu ya magaribi, pande za mdomo wa mto Kongo. Wengi walinunuliwa kwanza kwa wauza-watu, kisha wakaambiwa: sasa muko huru, lakini muna kontra ya miaka 10. Na ile bei iliyolipwa kwa kuwakomboa ilikatwa pole pole katika mushahara wao wenyewe. Mtu alilipa deni la kununuliwa kwake!

Hawakutoka Katanga, tunalijua. Lakini kule kisiwani waliitwa kwa jina la inchi yetu: ba-Congo. Wajukuu wao wangali pale. Pengine mmoja wao ndiye anayeendesha basi la wageni. Wala jina letu halikusahauliwa kule. Aimé Césaire, aliyezaliwa Basse-Pointe, mji wa mashamba, na aliyekuwa burgmestre wa Fort-de-France tangu 1945 mpaka 2001, alitoa mwaka 1966 mchezo muzima juu ya Patrice Lumumba, «Une saison au Congo». Mtu wa kisiwa cha miwa alilia kifo cha mtu wetu mbele ya dunia.

Mpaka hapa ni mambo ya zamani, na mambo ya zamani hayamuogopeshi mgeni sana. Lakini kuko habari ya jana na ya leo, na hapo ndipo waongozi wengi wanageuza maneno.

Njiani kwenda kiwandani, basi linapita kati ya mashamba ya ndizi. Mashamba mazuri, ya kijani, wageni wanapiga picha. Katika mashamba yale, tangu mwaka 1972 mpaka 1993, walitia dawa moja ya kuua wadudu, jina lake chlordécone. Kule Marekani, katika mji wa Hopewell, kiwanda kilichoitengeneza kilifungwa mwaka 1975 kwa sababu wafanyakazi walianza kutetemeka mwili na kuugua. Ufaransa iliikataza mwaka 1990, lakini visiwa viliongezewa ruhusa mpaka 1993. Dawa ile haiondoki upesi katika udongo. Mahali pengine itakaa miaka mamia. Viazi na vyakula vingine vya mizizi vinaikamata. Maji ya mito yameipeleka mpaka baharini, na kuko sehemu za pwani ambako kuvua samaki kumekatazwa. Wakati serikali ilipopima damu ya watu, katika watu wazima zaidi ya 90 kwa 100 walionekana nayo. Ndizi yenyewe, ndani ya ganda lake, inabaki karibu safi. Yaani chakula kilichosafirishwa kilikuwa kizima, na sumu ilibaki na wenye udongo. Wachimbaji, hapa hatuongezi maneno. Munajua wenyewe kitu gani kinaondoka na kitu gani kinabaki.

Wafanyakazi hawakunyamaza. Mwezi wa pili wa mwaka 1974 watu wa mashamba ya ndizi waligoma. Walidai mushahara, na walidai tena kwamba zile dawa za sumu ziondolewe. Tarehe 14 ya mwezi ule, pahali panapoitwa Chalvet, katika Basse-Pointe, jandarma waliwapiga risasi, na mtu alikufa. Sumu ilitumiwa miaka 19 zaidi. Katika mwezi wa 12 wa mwaka 2021 tu ndipo Ufaransa ilikubali kuandika kansa ya prostate katika orodha ya magonjwa ya kazi kwa wale wa mashamba walioshika dawa hizo, ili waweze kulipwa. Kutoka mgomo mpaka karatasi ile ni miaka 47. Wangapi walingojea kaburini?

Sasa tunajua watu watatujibu namna gani. Watasema: mgeni amelipa feza yake, yuko katika likizo, amekuja kufurahi, mukimwambia habari za watumwa, risasi na sumu, atatupa glasi na hatarudi tena. Na mwongozi naye ana watoto. Anaishi na matabishi yale ambayo mgeni anatoa mwishoni. Neno hilo lina uzito, hatulidharau. Mtu anayekula kwa kazi ya kinywa chake hatuwezi kumhukumu tukiwa mbali.

Lakini tunajibu hivi. Kwanza, hatutaki mgeni asile. Yule anayeonja siku moja hana la kuogopa sana. Mwenye hatari ni yule aliyeshika dawa kwa mikono na yule anayekula vya udongo ule kila siku. Ale, anywe, acheke. Pili, mtu mzima anaweza kushika mambo mawili pamoja: utamu wa chakula, na habari ya mikono iliyokitengeneza. Kwetu hata katika kilio watu wanakula, na hakuna anayesema chakula kimeharibu kilio ao kilio kimeharibu chakula. Tatu, na hili ndilo kubwa: pahali ambapo habari ya wafanyakazi inaondolewa, habari ya mabwana inabaki peke yake. Mgeni anaonyeshwa nyumba nzuri ya mwenye shamba, kiti chake, sahani zake za porseleni, bustani yake. Anarudi nyumbani akiamini kwamba nyumba ile ndiyo iliyofanya rhum. Nyumba haijakata hata muwa mmoja.

Kuko tena habari ya feza. Matembezi mengi yanauzwa ndani ya bato lenyewe, na kampuni ya bato inakamata sehemu yake kwanza. Mgeni aliyekwisha kulipa chakula chote cha safari mara mingi anashuka akiwa ameshiba. Anaonja accra moja ya bure, anapiga picha ya mama wa soko, anaondoka. Picha ya yule mama inasafiri dunia nzima, na kikapu chake hakijapungua. Ikiwa matembezi yanaitwa ya «chakula cha wenyeji», wenyeji lazima waone feza ndani yake. Bila hivyo wenyeji ndio wanaoliwa.

Kwa hiyo tunasema wazi tunavyofikiri.

Kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika, ambao siku moja watapanda mabato yale: mukifika, muulize. Muulize nani alikata muwa huu, kwa mushahara gani. Muulize makayabu yalitoka wapi. Muulize juu ya 22 mwezi wa tano na juu ya Chalvet. Muchague mwongozi wa kisiwa mwenyewe, na munapoonja kwa mama wa soko, mununue kwake. Nanyi mukisikia neno «Congo» kule, musipite haraka, musimame, musalimie.

Kwa wale wanaouza matembezi: muache mzee mmoja aliyefanya kazi ya shamba ao ya kiwanda asimame robo saa mbele ya wageni na kusema kwa kinywa chake. Haitaharibu pombe. Chupa yenye habari ya kweli inauzwa vizuri kuliko chupa yenye picha peke yake.

Na kwetu hapa. Siku moja mashimo yetu yatakwisha, kama kila shimo linavyokwisha. Watu watakuja na mabasi kuona minara, mabomba na vilima vya mabaki ya shaba. Watapewa bukari na sombe za kuonja, na munkoyo katika kikombe. Wataambiwa: ni tamu, ni ya wenyeji. Nani atawaambia mengine? Ikiwa leo hatuandiki, atawaambia yule aliyekuwa na nyumba nzuri. Basi kijana aliye na simu yenye kukamata sauti akae na babu yake, amuulize habari ya posho: siku gani ilitolewa, nini ilikuwa ndani, nani alipima, mama aliifanya nini ili ienee juma lote. Na yule anayefanya kazi leo atunze karatasi zake zote, za kontra na za daktari. Kule Martinique, wakati ulipofika wa kudai, aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha miaka yake kati ya ndizi alikuwa na neno la kusema.

Wageni waje, wakaribishwe, wale washibe. Ni desturi yetu na ni desturi ya wale wa kisiwa. Lakini kwenye meza ile, anayepaswa kueleza chakula ni yule aliyekitolea jasho.